Sauti ya Beki wa Kushoto

Wapenda mpira wa siku hizi mnanichosha. Mnakaa kwenye redio mnataja wafungaji tu, fulani kafunga, fulani kafunga, kana kwamba mpira unajipeleka golini wenyewe. Nani amewahi kuuliza habari za beki? Beki hutajwa siku aliyoteleza. Na mimi nilikuwa beki, tena si beki wa kuokoteza. Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya karakana ya reli, Tabora, enzi za Mwingereza, na watu walitoka Isevya, Ng'ambo na Gongoni kuja kunitazama. Nikipita sokoni wauza karanga walikuwa wakinionyesha kwa kidole. Sisemi haya kwa kujisifu, maana sifa yenyewe haikuwa yangu peke yangu, na hilo ndilo lililonitesa.

Siku zile tulicheza na beki wawili tu. Mbele yetu hafubeki watatu, mbele yao fowadi watano, nyuma yetu golikipa na Mungu. Wawili, ndugu yangu, kwenye uwanja mpana kama ule! Mmoja akitoka kwenda kuukata mpira, mwenzake lazima arudi kufunika pale palipoachwa wazi. Mkitoka wote, goli. Mkibaki wote, goli. Na hakuna nafasi ya kukaa kikao mkajadiliana nani aende na nani abaki. Kwa hiyo beki wawili ni kama watu waliooana: ama mmeelewana, ama nyumba inaungua.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Puge, huko Nzega, mtoto wa wakulima Wakatoliki. Mimi ni wa Usoke, kwetu Wamoravian. Yeye alikuwa seremala, akitengeneza viti vya mabehewa. Mimi nilikuwa natia mafuta magurudumu. Sote wawili tuliajiriwa kwa ajili ya miguu yetu, na kila mtu karakana alilijua hilo. Siku ya kwanza ya mazoezi tulikimbilia mpira mmoja tukagongana vichwa, tukaanguka chini wote, fowadi akapita katikati yetu akafunga akicheka. Mwenzangu akakaa pale chini akijishika paji la uso.

"We Mmoravian," akaniambia, "mbona unageukageuka kama mwizi wa kuku? Ukienda, nenda!"

"Nikipitwa je?"

"Nipo."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Tangu siku ile, kila nilipotoka kwenda kuukabili mpira, nilisikia nyuma yangu, upande wa kushoto: "Nipooo!" Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nzito, imepasuka kidogo, na mwisho aliuvuta kama mtu anayeitika akiwa uani. Aliniambia aliirithi kwa babu yake. Babu huyo alikuwa mpagazi katika misafara, enzi za pembe za ndovu, na kazi yake ilikuwa kutembea wa mwisho kabisa kwenye mstari. Kila baada ya mwendo ilimbidi apaze sauti ili walioko mbele wajue mstari haujakatika, hakuna aliyeanguka porini. Njia yenyewe ya misafara ilipita kando ya uwanja wetu kuelekea Kwihara, na yeye alipenda kunionyesha pale kwenye majani, akisema babu alipita hapa na mzigo kichwani, akiita.

Sasa nitawaambia sauti ile ilinifanyia nini, maana watu hawakuelewa na mpaka leo hawaelewi. Beki anayegeuka kutazama mwenzake yuko wapi anapoteza hatua. Hatua moja tu, lakini fowadi mzuri haombi zaidi ya hiyo. Mimi sikugeuka. Nilitoka kwenye lango kwa moyo mmoja, macho yangu kwenye mpira, kifua mbele, na fowadi akiniona nakuja vile alitishika. Wakaniita shujaa. Ushujaa gani? Nilikuwa sina wasiwasi tu. Kuna msimu mwenzangu alikwenda kwao kuvuna, wakaniwekea beki mwingine, bwana mwenye shuti la kuvusha mpira mpaka lango la pili, bora kuliko wangu mara nyingi. Loo! Nilicheza ovyo mpaka watoto wakanizomea. Kepteni wetu, Mmanyema wa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache, aliniita kando.

"Wewe peke yako ni beki wa kawaida," akasema. "Na yule peke yake ni beki wa kawaida. Mkiwa pamoja sijui kunakuwa na nini. Usije ukajidanganya."

Sikujidanganya. Tulikuwa chanda na pete, miaka yote ile. Mpaka masika moja alipokwenda Puge kumsaidia mama yake kulima, akashikwa na homa huko huko, na kabla hatujapata habari kwamba anaumwa tukapata habari kwamba amekufa. Aliyetuletea ni dereva wa lori la Nzega. Alisimama mlangoni mwa karakana na kofia mkononi, na nilipoiona tu ile kofia nilijua.

Tulikwenda Puge kwenye lori lile lile, timu nzima, na jezi yake tukaibeba kumpelekea mama yake. Mama alikuwa mjane na huyu ndiye mwanawe pekee. Katekista alisali, tukaimba, watu wakalia. Halafu akaingia kazini mtani.

Huyu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na reli, fundi bati wa karakana yetu, na kwenye timu alikuwa mtu wa akiba. Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, wakilala njaa kwenye milango yao na kutukanana mpaka wakazoeana. Msiba wa Mnyamwezi bila mtani hauna chumvi. Basi Mzaramo akajitupa kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana huyu mtumwa wake amekufa bila kumwomba ruhusa. Wakamletea jogoo. Akasema jogoo amekonda kama Mnyamwezi mwenyewe. Watu wakaanza kucheka na machozi bado mashavuni. Alipotoka akaichukua ile jezi mikononi mwa mama, akaivaa, akaanza kutembea kama marehemu: bega la kushoto juu, mkono unavuta kaptula, mate pembeni. Haki ya Mungu ilikuwa ni yeye mtupu! Akasimama, akatega sikio, akapaza sauti.

"Nipooo!"

Mama wa marehemu alijishika mdomo. Kisha akacheka, akacheka mpaka wakamshika asianguke. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kumpa mfiwa pumzi. Shangazi wa marehemu, mwanamke mkali mwenye fimbo, akamweleza Mzaramo utaratibu mbele ya wote, ingawa aliujua: jezi aende nayo, aitunze, na siku ya kuondoa tanga airudishe mkononi mwa mama. Kuanzia siku hiyo asimwigize marehemu tena, hata kwa mzaha. "Marehemu anakaa kwako kwa muda," akamwambia. "Ni mgeni. Usimweke." Mzaramo akaitikia, akaomba na jogoo wa pili, watu wakamfukuza kwa vicheko.

Tukarudi Tabora. Na mimi nikaharibika.

Sijui niwaelezeje. Mguu ulikuwa ule ule, pumzi ile ile. Lakini nikitoka kwenda kwenye mpira, nyuma yangu palikuwa kimya, na kimya kile kilinishika shingo kikanigeuza. Nilikuwa nageuka kila mara. Nilijua hayupo, mimi ndiye niliyemtia udongo kwa mikono yangu, na bado nageuka. Tulifungwa na timu ya maaskari. Tukafungwa na timu ya walimu, watu wenye vitambi! Wauza karanga wakaacha kunionyesha kidole, au walinionyesha kwa sababu nyingine. Kepteni akanifuata kwenye mabehewa, akachuchumaa karibu yangu huku nikipaka mafuta.

"Bwana mkubwa ameuliza habari zako," akasema. "Unajua mwenyewe kilichokuleta hapa ni mguu. Mguu ukigoma, mafuta haya anaweza kupaka mtu yeyote."

Nilikuwa na mama mzee Usoke na wadogo zangu waliokula kwa mkono wangu. Kurudi kwetu mikono mitupu, na mvua ilikuwa imetupita mwaka ule, ilikuwa ni kuongeza mdomo kwenye sufuria tupu. Nikamwambia kepteni nitajitahidi. Ningejitahidi nini, sikujua.

Mazoezini wakamweka Mzaramo kushoto kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alikuwa mchezaji wa hivi hivi, miguu mizito, mdomo mwepesi. Mpira ukarushwa juu, nikatoka, nikageuka, nikapitwa. Ukarushwa tena, nikageuka tena. Mzaramo akaja juu.

"Mtumwa wangu, unanitia aibu mbele za watu! Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu pwani, Pugu, bila kugeuka, wewe mpira tu unakushinda?"

Mpira ukarushwa mara ya tatu. Nikatoka. Na nyuma yangu, upande wa kushoto, nikasikia: "Nipooo!"

Nywele zilinisimama. Lakini miguu, jamani, miguu haikuuliza. Ilikwenda. Niliuchukua mpira ule kwenye mguu wa fowadi kama mtu anayechukua kikombe mezani. Nilipokwisha kuupiga nikasimama pale pale, na wenzangu wote walikuwa wamesimama.

"Rudia," akasema kepteni.

Mzaramo alikuwa amejishika koo. "Nilimtania tu," akasema. "Hii ni ya msibani, kepteni. Haichezewi."

"Na sisi tuko msibani. Hujaona tunavyofungwa? Rudia."

Kepteni hakuwa na ubaya. Mila zile hazikuwa zake, na yeye aliona beki wake mgonjwa na dawa imepatikana. Mzaramo akanitazama mimi. Nadhani alinionea huruma, maana mtani wa kweli hukutukana mdomoni na kukulilia moyoni. Akaenda kwenye mfuko wake, akaitoa jezi ya marehemu, akaivaa.

Tukaanza kushinda. Tuliwarudia maaskari tukawafunga. Tuliwarudia walimu tukawaaibisha. Mimi nikarudi kuwa yule yule, tena nikazidi, na watu wakasema msiba umenikomaza. Sharti lilikuwa moja, na sikupewa na mtu, nilijipa mwenyewe: nisitazame nyuma. Nikitazama ningeiona sura ya Mzaramo, na sauti ingekuwa yake. Nisipotazama, rafiki yangu alikuwa hai. Mechi nzima alikuwa hai. Nilizipenda Jumamosi zile kwa mapenzi mabaya.

Kutoka Puge zikaanza kuja salamu. Dereva wa lori alisimama karakana akasema mama wa marehemu anawaambia mtama umeiva, pombe ya tanga itapikwa, mleteni mtani na jezi. Kepteni akasema tutakwenda baada ya mechi hii. Dereva akaja tena: pombe imepikwa, watu walikaa wakangoja, imechacha wakaimwaga, je kuna nini? Kepteni akasema mwambie mama atuwie radhi, baada ya mechi hii. Kila mechi ilikuwa hii. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nasikiliza, na moyo ulikuwa unaniambia kitu kimoja tu: wasikubali. Tanga likiondoka, sauti inaondoka. Sauti ikiondoka, kazi inaondoka. Nilihesabu hivyo, lakini chini yake kulikuwa na hesabu nyingine ambayo haikuhusu kazi hata kidogo.

Mzaramo akaanza kubadilika. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Nilimwona akitoka sokoni, bega la kushoto juu. Nikamwita, akashtuka, akalishusha. Uwanjani akawa anasimama mahali ambapo hakuna aliyemfundisha, pale hasa marehemu alipokuwa akisimama, hatua chache ndani ya kivuli cha golikipa. Miguu yake ile mizito ikaanza kufika kwa wakati. Na kitu kingine, ambacho sikumwambia mtu: mechi ikipamba moto, nilikuwa nasikia harufu ya mbao za mninga nyuma yangu, harufu ya randa na maranda. Mzaramo alikuwa fundi bati. Bati linanuka bati.

Mchana mmoja tulikaa nyuma ya karakana tunakula ugali na mlenda. Mzaramo, ambaye hajawahi kumeza tonge bila kulitukana, alikula kimya.

"Mtani, vipi, mlenda wa Kinyamwezi umekukaba?" nikamchokoza.

"Sina utani leo," akasema.

Nikaweka tonge chini. Mtani kusema hana utani! Nilimjua miaka na sikuwahi kuyasikia maneno hayo mdomoni mwake.

"Zamani nilikuwa naita mimi," akasema. "Nilikuwa naivuta sauti, naipanga, natoa. Siku hizi sipangi. Inatangulia. Nafungua mdomo nakuta imeshatoka." Akayatazama mapaja yake. "Juzi mke wangu kaniita jina langu, nikakaa. Akaniita tena, nikakaa. Kaja kunitikisa bega, ananiuliza kama nimekuwa kiziwi. Mtani wangu, twendeni Puge."

Nikamwambia tutakwenda. Nikamwambia imebaki mechi ya kombe tu, na hapo hata kepteni hatakuwa na neno. Nilikuwa naogopa wakati nasema. Lakini nilisema.

Mechi ya kombe tulicheza na timu iliyotoka Mwanza kwa treni. Uwanja ulijaa pande zote, wazungu kwenye viti, Waarabu na Wahindi kwenye mabenchi, sisi wengine kwa miguu yetu. Tulipokuwa tunapasha moto, nilikwenda nyuma ya goli letu kufuata mpira, na pale, kati ya wanawake wauza karanga, nikamkuta mama wa marehemu. Amejifunga kaniki, vumbi la barabara bado miguuni. Lori lilikuwa limemshusha wakati ule ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Umekuja?"

"Nimekuja." Akanitazama usoni kwa upole. Upole ule ndio ulioniumiza. "Watu wa Puge wanaokuja huku kuuza ng'ombe wananiambia mwanangu anacheza. Wanasema wamemsikia kwa masikio yao. Mimi nimelala chini tangu masika, sijarudi kitandani, tanga halijaondoka. Nikasema niende nikamwone mwenyewe."

Refa, karani mmoja wa Kigoa, akapiga filimbi kutuita, nikakimbia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Sikumwambia Mzaramo. Nilimpita kando, jezi ile ya mistari ikiwa mwilini mwake, nikaenda kusimama mahali pangu na macho mbele.

Kipindi cha kwanza sijawahi kucheza vile na sikucheza tena. Senta fowadi wa Mwanza alikuwa mtu mrefu, mwepesi, mwenye chenga za kukuacha umekaa. Kila alipokuja nilimkuta. "Nipooo!" nyuma yangu, na mimi huyo. "Nipooo!" na mimi huyo. Watu walikuwa wanapiga kelele mpaka vumbi linaruka. Nilijua mama anasikia, na nilitaka filimbi ipigwe na pia nilitaka isipigwe milele. Hatukufunga, hatukufungwa.

Tukabadilishana magoli. Nikajisemea, afadhali, sasa mama yuko mbali. Kumbe alikuwa anakuja. Nilimwona kwa pembeni ya jicho akitembea nje ya mstari, taratibu, urefu wa uwanja wote, watu wakimpisha, mpaka akafika usawa wetu, upande wa kushoto. Akasimama karibu kabisa na Mzaramo. Mzaramo hakumwona. Sijui siku ile alikuwa anaona nini.

Mpira ukaja wa juu, mrefu. Senta fowadi akaufuata, nami nikatoka.

"Nipooo!"

"Kama upo, mwanangu," mama akasema, "mbona huji nyumbani?"

Hakupiga kelele. Alimwuliza kama mama anavyomwuliza mtoto aliyechelewa. Lakini upande ule wote ulimsikia, na kimya kikaanzia pale kikasambaa uwanja mzima mpaka kwa wazungu, ambao hawakuelewa na wakanyamaza tu. Yule senta fowadi wa Mwanza, Msukuma bila shaka, na mila zao na zetu ni ndugu, aliukanyaga mpira akausimamisha. Refa akapuliza filimbi, akapuliza tena, hakuna aliyejali.

Nilisimama na mgongo kwao. Nilisikia nyayo za Mzaramo zikitoka uwanjani. Ndipo nikageuka, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yale, nikamwona amepiga magoti mbele ya mama, anaivua jezi na kichwa kimekwama ndani yake. Mama akamsaidia kuitoa. Akaikunja vizuri, akaiweka kifuani, kisha akamshika Mzaramo kidevu.

"Na wewe ni nani, baba?"

Mzaramo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alifunga, akameza mate, macho yamemtoka.

"Wewe nakuuliza, si mwingine. Mama yako anakuitaje?"

Akajaribu tena, na safari hii lilitoka. Alitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na mji wao kule pwani, kwa Kizaramo chake kile tulichokuwa tukikicheka, huku analia kwa sauti kama mtu aliyefika nyumbani akakuta bado wapo. Mama akamwitikia kila jina.

"Ahsante kwa kunitunzia," akamwambia. "Sasa pumzika."

Mzaramo hakuweza kurudi uwanjani, na siku zile hapakuwa na kubadilisha mchezaji. Refa akatuamuru tuendelee watu kumi. Kepteni akanitazama kutoka mbali, akafungua mikono yake. Mama akanigeukia mimi.

"Nyuma yako yuko nani, baba?"

Jibu nililijua tangu masika. Lakini mdomo wangu haukuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa mama yangu mzazi.

"Hakuna mtu, mama."

"Haya," akasema. "Cheza."

Kazi ya reli niliipoteza kabla mwezi haujaisha, nikarudi Usoke kulima tumbaku, na sikumlaumu mtu. Puge tulikwenda wiki ile ile, tanga likaondoka kama inavyotakiwa, Mzaramo akatukana pombe na wapishi wake mpaka shangazi akamtishia fimbo. Lakini mimi ninachokiona nikifumba macho ni dakika ile iliyofuata uwanjani.

Mpira ukaanza. Senta fowadi akaja nao, moja kwa moja kwangu. Nikapiga hatua moja. Kisha nikasimama, nikageuka, nikapatazama pale kushoto kwangu. Sikuwa namtafuta. Nilitaka nipaone. Palikuwa na vumbi na majani makavu na jua la jioni, basi, na nilipatazama kwa kirefu, na nikaelewa kwamba amekufa. Mpira ulinipita. Nilisikia wavu, nilisikia watu wa Mwanza wakishangilia, na mimi nilikuwa nimekaa chini nalia kwa kwikwi, mtu mzima na njumu miguuni, mbele ya mji mzima wa Tabora.

Golikipa wetu akaja, akanishika begani, akanivuta nisimame.

"Acha kulia, ndugu yangu," akaniambia. "Goli moja tu hilo. Tutalirudisha."

Nikamkubalia kwa kichwa, maana ningeanzia wapi kumweleza.